Jumwa Anaoga Mwenyewe

Kikoneni,
Jumatatu

Kwa ndugu yangu Eunice,

Marahaba. Najua ungekuwa hapa ungenipa shikamoo yangu, basi nimeipokea kabla hujaitoa. U hali gani huko Ukunda? Ule mguu uliokuwa ukivimba umetulia? Viazi vyako vinauzika pale steji? Shemeji naye hajambo? Sisi tu wazima, ila mvua imetupa kisogo, mahindi yamesinyaa yangali machanga, na mgongo wangu unanikumbusha kila kisima nilichochimba. Lakini usinihurumie. Kile cha shuleni nilikichimba mimi kwa sururu, na hivi sasa visima vyao vya mashine vinatoa matope, changu kinatoa maji. Muulize yeyote.

Utaona mistari inapanda na kushuka na maneno mengine nimeyafuta mara mbili. Nimeandika mwenyewe. Wa kuniandikia wapo wengi, nimewakataa. Sababu utaiona mbele.

Habari ni ya mwanangu Jumwa. Unamjua Nzisa, yule Mkamba wa kule mashamba ya skimu, anayezunguka nyumba kwa nyumba kuuliza nani anakohoa na nani ana mimba. Alikuja akasema kuna fedha za serikali za watu walemavu, na ati mimi kwa ukaidi wangu nimeiacha haki ya mtoto ioze. Nikamwambia mimi Kaingu sijapata kuomba. Akanijibu kwamba anayeomba si Kaingu, ni Jumwa, na Jumwa ameshakubali. Kumbe walikwisha kuzungumza nyuma ya mgongo wangu, hao wawili, wakanicheka.

Basi tukahangaika. Kitambulisho Jumwa hakuwa nacho, kwa kuwa mimi nilisema atakipeleka wapi. Kikatafutwa. Hospitali tukaenda kwa tuktuk, nimempakata kama mtoto mchanga, ile miguu yake mirefu imetokeza nje, watu wanatazama. Madaktari wakamkunja, wakamkunjua, wakaandika. Maswali aliyajibu Nzisa, mimi nikatazama ukuta. Kadi ya ulemavu ilipotoka nikadhani tumemaliza. Nzisa akasema kadi ni mlango tu. Fedha zenyewe hapewi kila mlemavu, hupewa yule asiyejiweza kabisa, wa kulishwa, wa kuoshwa, mwenye kuhitaji mtu wa kumtunza usiku na mchana. Na kabla jina halijapita husomwa barazani, watu waseme kama ni kweli.

Hapo ndipo niliposhikwa. Wajua mwenyewe, kwetu mtu hazitaji kasoro za mwanawe mbele za watu, ni kama kuzitia muhuri. Na mimi nilipita kiasi. Alipokuwa mdogo walisema nimezaa gogo, nikaapa hakuna atakayesikia kinywani mwangu kwamba Jumwa hawezi. Kwenye kilabu cha mnazi huko nilikuwa nikijigamba kwamba Jumwa anapika, Jumwa anafua, Jumwa ana akili kuwashinda watoto wao wenye miguu. Hilo la akili ni kweli. Husikiliza redio asubuhi, na jioni wanaume wazima huja kumwuliza ya dunia.

Siku ya baraza naibu wa chifu akalisoma jina lake. Akainuka Chome, huyo huyo anayekuletea machungwa Ukunda, na kale kacheko kake. Akasema yeye hana ubaya na mtu, ila Mzee Kaingu mwenyewe hutuambia binti yake anafanya kila kitu, sasa wazee watusaidie, alikuwa akidanganya wakati ule akiwa amelewa au anadanganya leo akiwa mkavu? Watu wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti nyuma kwamba mzee wa visima ajibu, asitumbukie. Naibu akaninyamazishia watu, akaniuliza kwa adabu, mzee wangu, tumalize, binti anaoga mwenyewe au anaoshwa, na kama anaoshwa ni nani anayemwosha? Nzisa alikuwa amenikodolea macho. Nikasema anaoga mwenyewe. Jina likakatwa, likasomwa la mwingine.

Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imenitangulia. Jumwa hakulia, afadhali angelia. Alinipa hongera. Akasema baba umeniponya kwa mdomo, sasa niachie ndoo nikaoge. Na tangu siku hiyo akayakataa maji. Nikimsogelea na kata ananigeuzia uso, ananiambia Jumwa anaoga mwenyewe. Nyumba ilianza kunuka, Eunice, naye ni mtu msafi kupita mimi.

Sasa nisikilize. Kila uliponiuliza ni nani anayemwosha nilikwambia mke wa Fondo. Huyo alikuja tulipomzika mama Jumwa, kisha mumewe akamhamishia Lunga Lunga. Akaja mwingine, akawa anaziba pua na kusema juu ya kichwa cha mtoto kama kwamba hana masikio, nikamfukuza. Tangu hapo ni mimi. Hukaa juu ya jiwe na kanga yake mwilini, mimi nikasimama nyuma nikamwagia, macho nimeyapeleka kwenye ua. Pale panaponilazimu kutazama hutazama kama nilivyokuwa nikitazama chini kisimani, kwa sababu kazi iko huko. Baba na binti mtu mzima. Wajua wazee wetu wangeliita nini jambo hilo. Ndiyo sababu mimi na Jumwa tulikubaliana kusema ni mke wa Fondo, na ndiyo sababu sikuweza kumtamkia mtoto wa shule aniandikie. Nilizitaka zile fedha nimlipe mwanamke mwenye heshima, maana siku hizi nikimwinua mgongo unalia, na juzi juzi nilimwangusha.

Nawe pale matangani kwa mama Jumwa ulisema utarudi mwisho wa mwezi kunisaidia. Sikukukumbusha. Mimi ni Kaingu.

Nzisa anasema ofisini Msambweni hupokea malalamiko, na Alhamisi nitakwenda. Watataka jina la mtunzaji. Nzisa alinishauri niandike la mwanamke yeyote, hata lako, hakuna atakayefuatilia. Nimekataa. Nitasema ni mimi, pale dirishani, foleni yote isikie, na naibu wa chifu nitamwambia vilevile. Jana nilimweleza Jumwa. Akaniambia niteleke maji.

Nimekuandikia wewe kwanza, lisije likakufikia kwa Chome huku akikuhesabia machungwa. Ukiona aibu, ione huko huko. Ukija, usilete mkate wala sukari, lete mikono.

Nisalimie shemeji na wote wa nyumbani mwako, na jirani yako Maimuna aliyenipa dawa ya kuchua. Jumwa anakupa shikamoo, yake ni ya kweli. Mungu akutunze mguu.

Ni mimi kaka yako mkubwa,
Kaingu, mchimba visima