Kimya cha Aziza

Kisangani, mwezi wa kumi, 1964

Kwako Yaya Yakubu, kaka yangu mkubwa,

Assalaam aleikum. Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia Mama mpaka kuku wake mmoja aliyebaki. Tunaamka, tunakula lituma ya kuponda, ndizi zikipatikana, tunamshukuru Mungu. Na wewe je? Ule mguu uliokuwa unavimba umepoa? Huko Bafwasende chumvi inafika? Barua hii anaibeba Abdulhamid dereva, na itapita barière nyingi za barabarani, mikononi mwa watu wenye bunduki, donc mambo ya vita siandiki. Naandika mambo ya nyumba yako tu. Wakitaka kuyasoma na wayasome, labda nao wana wake.

Yaya, salamu zimekwisha. Nina hasira na wewe. Wewe ni mkubwa wangu, kwa hiyo nitakukasirikia kwa adabu, lakini nitakukasirikia.

Ujumbe wako ulifika. Abdulhamid aliutoa uani, mbele ya Mama na mbele ya Aziza mwenyewe, tumbo likiwa limekwisha kushuka. Maskini dereva wa watu, alisema huku anaangalia viatu vyake: kwamba umechoka kuzika, kwamba mke wako amekuzalia maiti mara mbili, na huyu wa tatu naye asipoishi, Aziza afunge mizigo arudi kwa papa yake Jafari. Ati tumbo lake lina mkosi. Mkosi! Mimi kazi yangu ni kuzalisha, nimefundishwa na mamasera, masista wa misheni, na tumbo lenye mkosi sijaliona bado. Nimeona mlango wenye mkosi.

Kumbuka mtoto wa kwanza. Uhuru ulikuwa mchanga, mimi nilikuwa bado shuleni. Mlimpeleka Aziza maternité, Mama akiwa nyuma yenu na mkeka na uji. Mlangoni akazuiwa. Mwenye kuzaa anaingia peke yake, ndiyo sheria. Wazungu waliiweka, wengi wakaenda zao, na Hilaire, mkubwa wa maternité, mtoto wa nchi hii hii, akaishikilia kuliko wao. Uhuru ulipita mji mzima, kwenye mlango ule haukupita. Mama akarudi na uji wake umepoa, wewe ukakaa kwenye benchi ya koridoo. Na uliporudi ulitusimulia kwa majivuno, mtoto wako akiwa amefunikwa shuka, kwamba wake za wengine walipiga kelele na kutukana waume zao, lakini wa kwako hata pumzi haikusikika. Mke wangu amelelewa, ulisema. Kwa mtoto wa pili ulisema vilevile.

Unajua kimya kile kilikuwa nini? Aziza ameniambia mwenyewe, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwuliza. Kule ndani mzalishaji mmoja anaangalia wanawake wengi, anamkimbilia anayelia. Anayenyamaza, wanachungulia na kusema huyu iko mbali bado. Aziza alikuwa amelazwa chali, hana maji, hana mkono wa kushika, anauma kitenge chake, maana katika nyumba yetu mwanamke anayepiga kelele anaaibisha ukoo. Wakapita na kupita. Walipomfikia, mara zote mbili, kitovu kilikuwa kimemkaba mtoto shingoni. Wakaandika alikuwa dhaifu, basi, nanyi mkakubali.

Bibi zetu walinyamaza, kweli. Lakini walinyamaza wakiwa wameegemea kifua cha mtu! Mwanamke mwenzako anakaa nyuma yako, amekukumbatia, mgongo wako juu ya tumbo lake, na uchungu ukija anausikia hata kabla hujafungua mdomo. Ndiyo sababu kelele hazikuhitajika. Sisi tukachukua kimya chao, mikono yao tukaiacha nje ya mlango. Halafu tunasema mkosi. Aibu gani hii, Yaya?

Bon. Mji ulipogeuka, Hilaire alitoweka, monganga, daktari wetu, naye, na mamasera siandiki wako wapi. Tulibaki mimi na Pélagie, mzalishaji mwenzangu. Watu wawili hatuwezi, tukaufungua mlango: kila mwenye kuzaa aje na mtu wake. Alors, nikaona kwa macho yangu. Wanatembea, wanakunywa uji, wanasuguliwa kiuno, wanatukanwa kwa mapenzi. Uchungu uliokuwa unalala mpaka kesho yake sasa unakwisha mchana. Watoto wanaotoka wakilia wamekuwa wengi, hata Pélagie, ambaye hakubali kitu upesi, amekubali. Sikudanganyi, mikono haitoshi kwa yote. Mwanamke mmoja wa mtaa wa Tshopo alitoka damu, dada yake amemshika, mimi nimemshika, dawa hakuna, monganga hakuna. Tulimzika. Siku waganga wa hospitali watakaporudi nitawapokea kwa vigelegele, lakini mlango nitaushika mimi.

Aziza, unavyojua, mama yake amekufa zamani. Uchungu ulipomwanza nilimwambia Mama aje akae nyuma yake. Ndiyo, Mama yetu huyu huyu, aliyekuwa anarudia neno lako la mkosi sokoni. Akajitetea kwamba yeye si mtu wa maternité. Nikamwambia akae. Akakaa kwenye mkeka, akamweka Aziza kifuani, na baada ya muda nikamwona amebadilika uso. Aliniita kwa nguvu, akisema mtoto anashuka, anamsikia yeye mwenyewe kwenye tumbo lake, na Aziza alikuwa hajatoa hata neno. Nikakimbia. Kichwa kilikuwa kinatoka, kitovu kimezunguka shingo kama kwa wale wawili. Safari hii mikono yangu ilikuwapo. Nilipokuwa nakilegeza, Mama alimwambia Aziza apige kelele, aibu yote ataibeba yeye. Yaya, alipiga! Mpaka askari wa barabarani walikuja kuuliza nani anauawa.

Mtoto wako yuko hai. Ni wa kike, ana masikio yako, Mungu amsaidie. Analia kutwa nzima.

Najua sasa umesimama, unamtafuta Abdulhamid akupakie. Kaa kwanza, sijamaliza. Aziza hayuko nyumbani kwako. Alipopata nguvu alifunga mizigo yake, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda kwa papa Jafari. Ulisema mtoto asipoishi aondoke. Mtoto ameishi, naye ameondoka. Alisema nyumba ambayo mtu anakaa kwa sababu ya mtoto tu, hiyo si nyumba yake. Hakuna aliyemfukuza. Mzigo wake aliubeba Mama, kichwani, mchana kweupe, majirani wote wakiona.

Njia ikifunguka, njoo. Usitume dereva. Papa Jafari amesema utakaa nje, kwenye benchi, mpaka Aziza mwenyewe aseme uingie. Benchi unaijua. Na ukisikia kimya kule ndani, safari hii usijisifu.

Mama anakusalimu na anakuombea njia salama. Pélagie naye anakusalimu, ingawa hakujui. Utusalimie wote wa huko wanaotukumbuka.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda na kukukasirikia,

Hadidja