Chumba cha Mama Karibu na Stesheni

Ngamiani, Tanga
Jumapili, baada ya ibada

Kaka yangu Stefano,

Shikamoo. Hamjambo huko Bumbuli, wewe, shemeji na watoto? Mvua imewafikia, au bado mnatazama mawingu yakipita kuelekea Soni? Barua yako nimeipata, nikaisoma mara mbili, na nimefurahi kusikia kuwa yule mdogo wenu ameacha kukohoa. Mimi mwili wangu hauna neno. Ningependa barua iishie hapo kwenye salamu, lakini umeniuliza habari za Mama na umeniomba nisikufiche. Basi sikufichi.

Naandika nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nje ya mlango wake. Ndani amelala, na usingizi siku hizi anaupata kwa taabu.

Najua maneno yaliyokufikia huko yamepita midomo mingi. Umeambiwa nimemtupa Mama hotelini kama mgeni asiye na mtoto mjini. Ni kweli yuko hotelini. Lakini unajua ninapolala mimi, landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, wanaume wanne chumba kimoja, na mwanamke haruhusiwi kulala humo hata akiwa mama mzazi. Nilimwomba msimamizi wetu, akatikisa kichwa kabla sijamaliza kusema.

Kwa hiyo kabla Mama hajateremka kutoka kwenu, kila nilipotoka kazini nilizunguka mji kutafuta mahali. Nilijua ninachokitaka. Pawe karibu na stesheni, asitembee sana akishuka kwenye treni. Pawe karibu na njia ya basi liendalo hospitali, kwa maana hospitali iko kule ufukweni, upande wa Wazungu, na huo si mwendo wa mtu mwenye tumbo linalouma. Soko liwe jirani nipate kumnunulia unga wa uji na matunda. Ngazi zisiwepo. Na bei iwe ya mtu kama mimi.

Utadhani katika mji huu unapata mahali pa namna hiyo kila kona. Zile hoteli zinazotazama bahari sikuzisogelea, unajua si zetu. Karibu kabisa na stesheni ipo nyumba ya wageni ya Mhindi mmoja, safi, ina taa za umeme na mapazia. Nikapiga hodi. Karani wake akanitazama kuanzia viatu.

"Unatafuta kazi?"

"Natafuta chumba cha mama yangu."

"Hapa hatulazi Waafrika," akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayekuambia duka limefungwa.

Nyumba ya pili ilikuwa nyuma ya soko. Chini wanauza pombe, juu ndiko kwenye vyumba. Santuri ilikuwa ikilia mchana kweupe, na mwenye nyumba akaniuliza kama chumba nakitaka cha usiku mzima au cha muda mfupi. Nikatoka. Chumbageni nilipata chumba kizuri kuliko vyote, kwa familia ya Wakatoliki, watu wa heshima, wana bustani na mabomba mawili ya maji. Nilikaa kitandani nikakijaribu. Lakini basi halipiti karibu, na kila nilipomfikiria Mama akitembea juani kutoka pale mpaka njia kuu, moyo ulikataa. Nikakiacha.

Ndipo Bakari, Mdigo mmoja ninayefanya naye kazi, aliponipeleka kwa Bi Zuwena.

Bi Zuwena ni mjane, Mwarabu wa hapahapa Tanga, baba zake walitoka Omani zamani za mababu. Nyumba yake iko katikati ya Ngamiani, ya chini, ina ukumbi mrefu na vyumba pande zote mbili, na ua wenye bomba. Stesheni unaifikia kwa miguu. Basi la hospitali linasimama kwenye njia panda, soko liko mtaa wa pili. Kila nilichokitafuta kilikuwa pale. Nikamweleza shida yangu.

"Mgonjwa?" akauliza.

"Mgonjwa, lakini anatembea."

"Mwanangu, wagonjwa siwapokei. Alinifia mtu chumba kile cha mwisho, wageni wakahama siku ileile, nikakaa na nyumba tupu mpaka nikachoka."

Nikageuka nitoke. Bakari akatazama pembeni.

"Mama yako ana binti wa kumwogesha?" Bi Zuwena akauliza tena.

"Binti yupo, ana mtoto mchanga, hawezi kuja. Niko mimi."

"Mwanamume atamwogeshaje mamake?" Akakitazama kile chumba cha mwisho. "Haya, mlete nimwone."

Siku Mama aliposhuka nilimwona amekonda, Kaka, kuliko ulivyoniandikia. Lakini alitembea mwenyewe kutoka stesheni mpaka kwa Bi Zuwena, kanga yake ya kijani mabegani, akiuliza kila nyumba ni ya nani. Nikafurahi. Nikajiona nimechagua vizuri. Jioni nilipowapitia niliwakuta wamekaa mkekani uani, wanachambua mchele. Mama anamsalimia kwa Kishambaa, Bi Zuwena anamjibu kwa Kiarabu, na wote wawili wanacheka. Yale ndiyo mazuri niliyonayo ya kukuandikia.

Hospitali walimpima, wakamlaza, wakampasua. Siku ile niliomba ruhusa kazini nikakaa barazani kwao tangu asubuhi. Baadaye daktari Mzungu akatoka na dresa, mfunga vidonda wao, aje kumtafsiria, mtu wa makamo, Mbondei.

"Daktari amefungua, ametazama, amefunga," dresa akaniambia.

"Amefunga kwa nini?"

"Hakuna cha kutoa. Uvimbe umeenea kote."

"Basi atapewa dawa gani?"

"Ya maumivu."

Nikamwambia amuulize tena, pengine hakuelewa. Akamuuliza. Daktari akasema maneno mengi, akaniwekea mkono begani, kisha akaenda zake wodini.

"Anasemaje?"

"Anasema mrudishe kwao mapema, angali anaweza kusafiri."

Hayo ndiyo yaliyotokea hospitali, na wakuambiao kwamba wangemtibu kama angekuwa mke wa mkubwa, sijui. Labda. Mimi niliona, siku aliporuhusiwa kurudi kwa Bi Zuwena, kitanda chake kimepata mgonjwa mwingine kabla hatujafika langoni.

Kumrudisha tulijaribu. Hilo hujaambiwa, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuliandika. Tulipoona kidonda kimefunga, Bi Zuwena alimkunjia godoro dogo, tukamlaza kwenye mkokoteni wa watu wa sokoni, nikausukuma polepole mpaka stesheni, Bi Zuwena kando yetu. Hatukuchukua muda, ni hapo tu. Tukampandisha daraja la tatu, nikamtandikia godoro kwenye benchi. Mama alikuwa amevaa nguo ya kanisani. Alisema anataka kufika Mombo kungali mwanga aione milima. Nikamwambia ataiona.

Kisha jasho likamtoka, macho yakageuka, akaniangukia mapajani. Abiria wakaanza kupiga kelele. Gadi wa treni akaja, Mpare mmoja, tunafahamiana kazini.

"Daudi, huyu hafiki Korogwe. Mteremshe."

"Atafika. Amechoka na jua tu."

"Akifa njiani, nimeamriwa kumshusha stesheni ya mbele, iwe yoyote. Utamzika huko huko, kwa watu msiowajua. Unataka hivyo?"

Nilikuwa tayari kubishana naye. Nilikwisha kufungua mdomo. Lakini Mama alikuwa amezinduka na alisikia yote. Akasema, "Nishushe, baba."

Tukamshusha. Treni ikaondoka tukiwa bado pale, Bi Zuwena amemshikia mwavuli, mimi nimeshika godoro. Tukarudi naye kwa mkokoteni uleule.

Tulipomrudisha, wageni wa chumba cha mbele walifunga mizigo yao wakahama, na wengine wakafuata. Nilimwomba radhi Bi Zuwena. Akasema, "Waache waende, kelele zimepungua." Akamhamishia Mama chumba kilicho ubavuni mwa chake, wakipakana ukuta, amsikie akiita. Humwogesha yeye mwenyewe. Juzi nilimkuta amemshika kichwa anamnywesha uji, na uji wote unatoka pembeni mwa mdomo, naye anapangusa na kuanza tena.

Mama hanilaumu, wala hakulaumu wewe. Hamlaumu mtu. Ningefurahi angetulaumu. Mzee wa usharika wetu hapa alikuja kuomba naye, na alipomaliza Mama akamuuliza makaburi ya Walutheri yako wapi. Mzee akamweleza.

"Udongo wake ukoje?" Mama akauliza.

"Mchanga, mama. Pwani yote ni mchanga."

"Mchanga," Mama akasema, akageukia ukutani.

Nilitoka nikamfuata mzee nje nikamuuliza kama kuna njia yoyote ya kumpeleka mtu Bumbuli, akishafariki, akalale karibu na Baba. Akasema wenye magari wapo, lakini wanaofanya hivyo ni matajiri, na joto hili halisubiri. Nimeuliza na reli pia. Wamekataa, na nilijua watakataa, mimi ndiye ninayepakia yale mabehewa.

Kaka, umeandika utakuja mkimaliza kuchuma kahawa. Sikuamrishi, wewe ndiye mkubwa. Nakuambia tu ninachokiona. Mkono wake nikiushika hauna uzito. Ukingoja kahawa, utakuja kumwona mzee wa usharika akuonyeshe mahali.

Ukija, usihangaike na dawa ya yule mganga wa Mlalo. Hamezi tena kitu kigumu. Wala usimwambie atapona, wamemwambia wengi na imemchosha. Ukishuka stesheni usifuate watu wanaoelekea bahari. Geuka upande wa Ngamiani, uliza nyumba ya Bi Zuwena mjane, mtu yeyote wa karibu na soko atakuonyesha. Vua viatu ukumbini. Mwamkie Bi Zuwena kabla ya kuingia kwa Mama, amestahili.

Shemeji mpe salamu zangu, na kanga aliyomtumia Mama imefika, ndiyo anayojifunikia. Dada yetu Eliza mwambie asijaribu kusafiri na kitoto kichanga, Mama mwenyewe amekataza. Baba mdogo mwambie namwamkia, na kwamba lile shamba la bondeni Mama anasema alilime yeye. Mwinjilisti wenu mwambie tunazihitaji sala zao, ingawa sijui tena wamwombee Mama kitu gani. Wajomba na majirani wote, wasalimie.

Nafunga hapa maana ameamka, namsikia akijigeuza. Jana treni ya kwenu ilipoingia aliniuliza, kama aulizavyo siku zote, ni nani amekuja. Nikamjibu, "Leo hapana, Mama." Akafumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Kesho usiniambie kitu. Akija, nitaisikia sauti yake."

Mdogo wako akupendaye,
Daudi