Mparachichi Wetu Hautakatwa

Kwako Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto, na kwamba mgongo wako umepata nafuu. Sisi huku hatujambo. Shangazi analalamikia magoti, lakini ulimi wake uko salama kabisa. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Ujumbe wako Shangazi alinifikishia neno kwa neno, na mengine akaongeza ya kwake. Umekasirika kwa kuwa nimeuingiza mparachichi wetu kwenye ramani ya mtaa, na umesema nikikaidi nitafute pengine pa kuishi. Nimekusikia. Sasa nawe nisikilize.

Ramani yenyewe kaichora kinyozi kwenye ukuta wa kibanda chake. Mti unatiwa alama mwenyewe akiridhia: mlimau wa fundi viatu, mipera ya nyuma ya zahanati, mstafeli wa mjane wa pale kona. Matunda yakikomaa, watu huja na ngazi na vikapu, huchuma pamoja, mwenye mti huchukua fungu lake kwanza, yanayobaki hugawanywa. Unakumbuka yetu yalivyokuwa yakioza? Mimi ndiye niliyekuwa nikiyazoa kwa koleo kama taka, na ng'ambo ya ukuta watoto wa watu wanameza mate. Nilichoka.

Juzi akaja mkata miti uliyemtuma, na msumeno wake wa injini. Nilikuwa na suruali ya mteja mkononi. Nikaenda kuegemea shina, nikaendelea kushona pindo. Akaniomba nipishe, kwani yeye katumwa tu. Nikamjibu, "Mimi sijatumwa na mtu. Niko kwetu." Alisubiri hadi akachoka, akaomba maji. Alipokwisha kunywa akaniuliza kama ramani inapokea na mchungwa wa mama yake, maana unazaa hadi matawi yanavunjika. Nikamwelekeza kwa kinyozi. Usimlaumu, ni mtu mwenye adabu zake.

Hayo ungeyasikia kwa Shangazi. Hili nataka ulisikie kwangu.

Unamjua jirani yetu, yule muuguzi mstaafu, ambaye baba alimwita mwizi kwa sababu ya tawi la mparachichi wetu lililovuka ukuta. Tangu siku ile hatusalimiani naye, na baba alipofariki wewe ukaurithi ugomvi pamoja na saa yake. Siku ya kuchuma mtaa mzima ulikuja isipokuwa yeye. Maparachichi ya upande wake hakuna aliyethubutu kuyagusa. Nikaenda kupiga hodi. Alifungua mlango nusu. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa niaba ya ukoo wetu wote, na wewe, Kaka, nikakutaja.

Aliufungua mlango wote. Kisha akasema, "Mama yenu alipokuwa mgonjwa nilikuwa namsikia akiugulia maumivu. Mimi, muuguzi. Nikakaa kitandani mwangu nikijiambia, hawataki nivuke."

Kaka, unakumbuka tulivyohangaika kutafuta mtu wa kumgeuza mama na kumsafisha vidonda. Mtu huyo alikuwa nyuma ya ukuta wetu, hatua chache tu, na sisi tumenuna kwa ajili ya tawi. Nililia pale mlangoni kwake, naye akalia. Kesho yake nikamwita mwashi nikamwambia atoboe ukuta. Sasa pana mlango kati ya nyumba hizi mbili, na kufuli sikuweka.

Ukitaka kuuziba, njoo mwenyewe, usitume mtu. Lakini kwanza ukae na yule mama, umsikilize kama nilivyomsikiliza mimi. Ukimaliza, mwashi nitakuitia mimi mwenyewe, kama bado utamtaka.

Nisalimie wifi, na watoto uwabusu wote. Shangazi anakusalimu, ameshavuka mara mbili kwenda kupiga soga, ingawa ataapa hakwenda.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na nisiyehama.