Stima Ilipotea Kila Mahali Isipokuwa kwa Laptop Yangu

Edinah uko? Usinipigie, niko nje ya lab na siwezi kuongea.

Unajua ile saketi nimekusumbua nayo wiki nzima, ya kuwasha taa yenyewe stima ikipotea? Leo ndio nilikuwa naionyesha darasani. Simulation tu, ya kuigiza kwa laptop. Na mwalimu akamleta Injinia Charity wa kile kiwanda cha majani chai nataka kwenda attachment, nijifunze kazi.

Nikaanza na maringo. Nikawaambia, "Stima ikipotea, hata hamtajua imepotea."

Nilisema hivyo, Edinah. Na mdomo wangu.

Stima ikapotea.

Ya ukweli. Projekta ikazima, na vile mawingu ya mvua yalikuwa yamefunga, lab ikawa giza.

Injinia akasema polepole, "Haya, si ndio hii? Washa."

Washa nini? Mimi sijawahi kununua hata waya moja. Nikaangalia laptop, na huko ndani stima bado ilikuwa inapita vizuri, kwa sababu sikuwa nimebonyeza kitufe cha kuizima.

Na unajua nilimjibu nini? "Madam, huku kwangu bado haijapotea."

Darasa lote likacheka. Mwalimu akajifunika uso na faili.

Nikafunga begi nirudi nyumbani Kapkatet nikachume majani chai maisha yangu yote. Injinia akanifikia hapa mlangoni.

"Kuja kiwandani Jumatatu, tuunde ya ukweli. Na ubebe tochi."