Kipimo cha Baba

Al-Suwaidi, Riyadh
14 Februari 2016

Kwako Baba mpendwa, Mzee Elkanah,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama, na Charity anayekusomea. Ule mguu unaendeleaje na baridi ya huko? Mimi ni mzima, Mungu ananitunza. Mourine wangu mbusuni mashavu yote mawili, mwambieni sweta ya shule nimeshanunua, ya bluu kama alivyotaka.

Madam wangu ni mtu mzuri. Anasoma chuo kikuu, na kazi yake utaipenda: anapima mvua na theluji ya majira ya baridi kwenye bahari za kaskazini, naye yuko hapa kwenye joto anakunywa chai yangu. Setilaiti ndiyo hupita juu angani ikamletea vipimo. Mwezi jana tulienda Jeddah kwa mamake. Tukiwa tumekaa ufuoni nikamuuliza mbona meli zisibebe tu chombo cha kupimia mvua kama chako cha pale shuleni kilimani. Alicheka, akasema ziko zinazobeba, ila upepo hupeperusha theluji ikapita juu ya chombo. Nikamweleza vile ulipima mvua miaka kumi na tisa. Tangu hapo anakuita mudiri wa mvua, yaani mkurugenzi kwa Kiarabu chao, na akiona wingu ananiuliza mudiri angesemaje.

Halafu akasema neno ambalo limekataa kunitoka: "Setilaiti inaona kutoka mbali, Hannah. Tunaiamini tu kama yule aliye chini na kipimo amesema kweli."

Charity dadangu, ukifika hapa nyamaza. Mpe Baba karatasi, na miwani yake.

Baba, mwaka ule ulipovunjika mguu, ulinituma kilimani kila asubuhi nikuletee maji ya kipimo uyasome mlangoni. Nilikuwa na mimba ya Mourine, natapika, sitaki mjue. Sikupanda. Mvua ikinyesha nilitia maji ya mtungi kwenye chupa, kwa kukisia tu, nikakuletea. Wewe ulisoma sawasawa. Afisa wa hali ya hewa alipokuja kusema namba zako haziendani na za majirani, kwamba macho yamezeeka, akachukua kitabu chako cha vipimo, nilinyamaza. Ukaacha kusoma Biblia kanisani, bado nikanyamaza.

Macho yako hayakukosea, Baba. Ni mimi. Nisamehe ukiweza.

Kama umejisomea hadi hapa bila Charity, Jumapili mwambie mchungaji akurudishie zamu yako ya kusoma Biblia.

Wasalimie wote wa nyumbani. Jibu nalingoja, ila nataka liwe mwandiko wako.

Mwanao akupendaye,
Hannah