Msimu wa Mtoto wa Woodbury

Woodbury, 24 Machi 2025

Mama mpendwa,

Pokea salamu zetu. Goti linaendeleaje? Sisi tuko salama, ila baridi bado imetukalia. Daktari anasema Lois atajifungua msichana katikati ya Mei. Jina la nyumbani ni lako kutoa, kama ulivyoniita Wafula kwa kuzaliwa kwenye mvua. Nakuomba kitu kimoja tu: mpe jina la msimu wa huku, maana ni huku atakakozaliwa.

Mwanao,
Duncan

Bungoma, 9 Aprili 2025

Mwanangu Duncan,

Goti linauma lakini shambani naenda. Mwambie Lois ale vizuri.

Msimu wa huko ni upi, theluji? Sisi Wabukusu hatuna mtoto wa theluji, na si mimi nitakayemwanzisha. Hapa mvua inanyesha, kwa hiyo mtoto ni Nafula. Nimeshatangaza kanisani. Akikosa jina letu, siku moja ataingia boma hili kama mgeni, na hilo ndilo linaloninyima raha.

Mama yako

Woodbury, 15 Mei 2025

Mama,

Hujambo? Mtoto alifika jana, mzima, na sauti ya kuamsha kijiji. Hospitali tumeandikisha Natasha. Nafula sijamwita. Usikasirike, soma kwanza.

Theluji ilipokwisha yalitokea maua madogo ya njano, dandelioni, kila penye nyasi. Watoto wakiyaona hushangilia, wanajua baridi imeondoka. Wazazi wao huyaona magugu. Jirani yangu Brandon alikuja kuniambia kwa upole kwamba yangu yanavamia kwake. Nami nikafanya ulivyonifundisha: nikashika jembe. Kabla jua halijawa kali, nusu ya uwanja ilikuwa udongo mweusi, tayari kwa maharagwe. Brandon alishika kichwa. Kumbe wenzangu hunyunyizia dawa, au hung'oa moja moja kwa kisu! Lois alicheka mpaka uchungu ukamshika, tukakimbilia hospitali nikiwa na matope magotini.

Mtaa mzima unapambana na magugu, Mama. Huo ndio msimu wake. Jina la mtoto wa wakati huo unalijua, lakini silitaji. Nangoja litoke kwako.

Mwanao,
Duncan

Woodbury, 20 Juni 2025

Mama,

U mzima? Kwenye simu unaniambia habari za kuku na mvua, mtoto humtaji. Lois anaona nimekuudhi. Pengine. Lakini sitamwita jina ambalo hukumpa, hata akianza kutembea. Bado nangoja.

Mwanao,
Duncan

Bungoma, 2 Julai 2025

Duncan,

Sijambo. Uliniudhi, sitaficha. Nilishamtangaza Nafula na akina mama walishaanza kumshonea.

Barua yako ilinikuta nikitoka kwenye mahindi. Nasi tulikuwa tunapalilia, mikono yangu ina udongo, nikaiweka barua chini ya mto wa kulalia nikajifanya sijaisoma. Niliisoma tena na tena. Nilimwona mwanangu huko mbali ameinama na jembe siku zilezile nilizoinama mimi, nikalia.

Jumapili nimesimama kanisani. Nimewaambia sikukosea, Aprili ilikuwa mvua. Ni mtoto aliyekuja wakati wa palizi. Mtoto wa palizi tangu zamani ni Nelima. Walipiga vigelegele mpaka mchungaji akakaa chini.

Mbebe, mgeuze uso upande wa huku, mwite jina lake kwa sauti. Mwambie nimemwita mimi, bibi yake.

Kukhu wa Nelima