Sponji Jeusi la Profesa

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba unijibu mapema, maana daktari wangu ameanza kuzungumza nami kwa upole, na mimi nimefundisha sayansi muda mrefu kiasi cha kujua upole wa aina hiyo una maana gani. Mke wangu hunisomea ukurasa wako kila Jumapili, amekaa ukingoni mwa kitanda na miwani puani, kwa sababu macho yangu hayashiki tena herufi ndogo, na huwa tunawacheka pamoja hao wanaokuandikia, kumbe zamu yangu nayo ilikuwa njiani.

Nilipostaafu ualimu nilianza kufuga samaki wa chambo nyuma ya nyumba, wale wadogo wanaotungwa kwenye ndoana wakiwa hai ili samaki mkubwa awaone wakijipinda, na matangi niliyatengeneza mwenyewe kwa friji mbili mbovu nilizozilaza chali na pipa la bluu nililolikata katikati, nikafunga pampu ndogo ya hewa na ndoo zilizotobolewa chini, zenye kokoto na sponji za kuchujia maji, na wavuvi wa ndoana wakanibandika jina la Profesa, wakawa wanawapita wauzaji wengine wote barabarani wanakuja kwangu, kwa kuwa chambo changu kilikuwa kinafika majini kikiwa bado kinapiga mkia.

Mwaka huu miguu ilinigomea, na mke wa mwanangu akayashika matangi. Mwanangu ni dereva wa lori, nyumbani hupita tu kama mgeni. Huyu mkwe hakuwahi kushika samaki isipokuwa wa kukaanga, kwa hiyo nilingoja aje kwangu akilia. Hakuja. Samaki wananawiri, mshauri, hawafi, amewatandikia chandarua kuukuu juu ya friji wasirukie nje, anawapa chakula kidogo kidogo, anayaacha maji ya bomba ndooni yalale wazi mpaka ile dawa ya kusafishia maji iishe ndipo anayamimina, na yule mvuvi mwenye kofia ya pama, ambaye zamani hakuweza kununua chambo bila kunisimulia ndoto zake, juzi alisimama karibu na dirisha langu akamwambia, "Dokta, tangu uingie wewe hata samaki wamenenepa. Profesa alikuwa anawafundisha kufunga." Mkwe akacheka, na mke wangu akacheka, kile kicheko chake cha kushika ubavu ambacho nilidhani nakijua mimi peke yangu, nami nikageukia ukuta.

Baadaye akalihamisha pipa, akaliweka na pampu yake chini ya dirisha langu, eti hapo pana kivuli, ingawa nyuma ya jiko kuna kivuli kikubwa zaidi, na wivu ukanipanda nikijua ameniletea ushindi wake uje unitokotee masikioni mchana kutwa. Kila asubuhi anaingia na kopo lenye kisamaki kimoja, ananiinamia, ananiuliza, "Baba, huyu unamwonaje?" Nami humjibu kwamba fundi sasa ni yeye, mimi ni wa kuzikwa. Anaondoka na kopo lake.

Sasa nifike kwenye linaloninyima usingizi. Lile sponji jeusi lenye utelezi na harufu ya tope ndiyo roho ya tangi, maana ndani yake mna vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyokula sumu ya uchafu wa samaki, na ukilisugua kwa sabuni au kwa maji ya bomba yenye dawa, vijidudu vyote vinakufa, maji yanabaki safi yanang'aa, na siku chache baadaye samaki wanaelea matumbo juu, hakuna anayejua kwa nini. Namna ya kuliosha ipo. Nilikuwa naifanya peke yangu asubuhi na mapema, kabla watu hawajatoka ndani. [Hapa nimeondoa mistari minne; sababu nitaisema mwishoni. – Shangazi.] Hakuna mwingine aliyewahi kuniona.

Mkwe wangu ni msafi kupindukia, na amemwambia mke wangu kwamba mwisho wa mwezi huu atasugua matangi yote na kila kilichomo, kwa sababu wageni wanaokuja kunijulia hali wanapitia hapo na hataki waseme Baba amelazwa penye uchafu. Jana alisimama mlangoni, sponji linamchuruzika mkononi, akauliza, "Baba, hili jeusi nalo nilioshe, au lina sababu ya kuwa hivi?" Nilikuwa macho. Nikayafumba, nikakoroma kidogo, akarudisha mlango taratibu asije akaniamsha.

Nikuambie ukweli ambao sijamwambia hata mke wangu: nataka ashindwe. Nataka nikishazikwa samaki wafe wote, na yule wa kofia ya pama asimame mbele ya friji tupu aseme kwamba tangu Profesa aondoke hapa hapana kitu. Najua ni binti mwema, ndiye anayeniponda chakula kwa uma nisije nikapaliwa, na kila akiniletea sahani nasema leo nitamwambia, halafu nakisikia kile kicheko cha dirishani, mdomo unajifunga wenyewe. Nifanyeje, mshauri? Niende na siri yangu, au niitoe nife nikiwa si Profesa wa mtu?

Profesa, kitandani

SHANGAZI ANAJIBU

Mzee wangu, shikamoo. Ukishaitikia, nivumilie nikuseme, maana umri wako nauheshimu lakini ulilolifanya siliheshimu. Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine kwa sababu mwisho wa mwezi haumsubiri mtu.

Kwanza pole. Kulala ukisikiliza kazi ya mikono yako ikiendelea vizuri bila wewe ni maumivu yasiyo na kidonge, na sitakuambia uache wivu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuacha kwa kuambiwa. Lakini kukoroma kwa makusudi, mwalimu mzima? Mwanafunzi akikukoromea hivyo darasani ungemfanya nini?

Hebu irudie barua yako. Binti kakiacha kivuli kikubwa cha nyuma ya jiko, kakokota pipa mpaka kwenye dirisha la mgonjwa. Pipa la samaki, mzee, na maji unayajua uzito wake. Anayetaka kukuringishia hajichoshi namna hiyo. Ana samaki wanene, ana wateja wanaomwita Dokta, na bado kila asubuhi anakuja na kopo kukuuliza. Kiti chako hajakikalia mtu. Ulinyanyuka mwenyewe ukageukia ukuta.

Na mkeo mwache acheke. Anauguza usiku na mchana, na kile kicheko cha kushika ubavu huenda ndicho pekee alichokipata wiki nzima. Tena ule utani wa kufunga ni mzuri, hata mimi umenivunja mbavu.

Sasa tuseme samaki wamekufa na wewe umeshazikwa. Unafikiri mwenye kofia ya pama atasimama kukulilia? Atasema mkwe hana mkono, atakwenda kwa muuzaji wa jirani, na baada ya muda jina la Profesa halitatajwa tena barabara nzima. Atakayebaki pale ni binti anayekupondea chakula, ameshika sponji safi, anaamini kwamba ameiua kazi ya baba mkwe wake kwa sababu ya kutaka wageni wako wapite pasafi. Mwanao akirudi na lori lake atamkuta hivyo. Hiyo ndiyo zawadi unayomwachia mwanao?

Ile mistari minne niliiondoa mimi. Ulieleza vizuri mno, hata mimi nisiye na tangi ningeweza kuliosha hilo sponji, na wenye matangi naomba msinipigie simu. Nimeiondoa kwa sababu mwenye haki ya kuisikia kwanza anaishi nyumbani kwako, na inafaa aisikie kwa sauti yako. Mwite. Aje na ndoo na sponji, akae kwenye kiti karibu nawe, aoshe mbele ya macho yako. Akikosea mkaripie kidogo, bado u mwalimu. Akimaliza, mwambie na habari ya kukoroma. Atacheka, na safari hii utakuwemo.

Usiniambie utafikiria. Ulipokuwa unaniandikia ulijua ukurasa huu unasomwa na nani, kwa sauti, na amekaa wapi. Anayetaka kwenda na siri yake haipeleki kwenye gazeti analosomewa na mkewe. Uliamua kabla hujabandika stempu, ukatafuta tu mdomo wa kuazima, na mimi wangu nimekupa.

Mama, wewe uliye ukingoni mwa kitanda na miwani puani, najua hapa sauti imekukauka. Weka gazeti chini. Mwite mkweo aje na lile jeusi, na bomba asiliguse. Profesa akianza kukoroma, mfinye.